Kuingia Katika Kazi ya Elimu Maalum na Huduma za Ulemavu: Mwongozo kwa Mkazi wa Jilore

Kwa nini kazi hii, na kwa nini hapa

Wodi ya Jilore, iliyo magharibi ya mji wa Malindi kando ya mto Sabaki, ni mahali ambapo mtoto mwenye ulemavu anaweza kufikisha umri wa miaka kumi bila kupimwa na mtaalamu yeyote, si kwa sababu wazazi wake hawamjali, bali kwa sababu huduma ziko mbali, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ni pesa ya unga wa siku kadhaa, na mara nyingi hakuna mtu wa karibu aliyewaambia kwamba mtoto huyo anaweza kufundishwa. Kijana anayefikiria kuingia katika kazi hii anapaswa kwanza kuuelewa ukubwa wa haja iliyopo, kwa kuwa uelewa huo ndio utakaomwongoza kuchagua fani.

Utafiti wa kituo cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanzishwa Kilifi mwaka 1989, uliochapishwa mwaka 2006, uliwachunguza watoto wa umri wa miaka 6 hadi 9 katika eneo la mashambani la Kilifi na kubaini kwamba watoto 61 katika kila 1,000 walikuwa na kasoro ya wastani au kubwa ya mfumo wa neva. Kwa hesabu hiyo, shule zenye watoto 500 wa umri huo zingetarajiwa kuwa na takriban 30 wanaohitaji msaada wa namna fulani. Sensa ya mwaka 2019, kwa upande wake, ilihesabu watu wenye ulemavu kuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi. Takwimu hizi mbili hazigombani, kwa sababu sensa humuuliza mkuu wa kaya swali fupi juu ya shida kubwa za kuona, kusikia, kutembea na mfano wa hizo, ilhali watafiti wa Kilifi waliwapima watoto walioshukiwa. Pengine sehemu ya tofauti iliyobaki kati yake ni watoto wanaokaa darasani au nyumbani bila yeyote kutaja shida yao.

Jambo la kuzingatiwa zaidi katika utafiti huo ni aina za matatizo yaliyoonekana. Kifafa kilikuwa cha kwanza, kikiwapata watoto 41 katika kila 1,000, kikafuatiwa na matatizo ya akili na utambuzi yaliyowapata 31, kisha ya kusikia yaliyowapata 14. Mtoto mmoja aliweza kuwa na zaidi ya tatizo moja. Matatizo ya mwendo na ya kuona, ambayo ndiyo watu wengi huyafikiria wanaposikia neno ulemavu, yalikuwa machache zaidi. Hivyo basi, mtu anayejiandaa kufanya kazi Jilore na vijiji vyake hana budi kuupa ulemavu wa akili na kifafa nafasi ya kwanza katika mafunzo yake, hata kama baadaye atabobea katika jambo jingine.

Istilahi zinazochanganywa

Ulemavu wa akili ni hali ambapo uwezo wa mtu wa kuelewa, kujifunza na kujitunza uko chini sana ya ule wa rika lake, na hali hiyo huanza utotoni. Ugumu mahususi wa kujifunza ni jambo tofauti kabisa: mtoto ana akili ya kawaida, huongea na kucheza vizuri, lakini herufi au hesabu hazimkai, na huyu ndiye huitwa mvivu na kuchapwa bure. Usonji ni tofauti ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano, mahusiano na watu, na namna mtu anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Mtindio wa ubongo ni athari ya kudumu katika misuli na mwendo iliyotokana na madhara ya ubongo unaokua, na mwenye hali hii aweza kuwa na akili timamu hata kama hasemi neno linaloeleweka. Kosa la kumweka mtoto wa kundi moja katika kundi lingine humgharimu miaka ya masomo.

Milango ya kuingilia

Ualimu ndio mlango mpana zaidi, na una njia mbili. Ya kwanza ni kusomea ualimu wa kawaida, yaani stashahada ya ualimu wa shule za msingi inayochukua miaka mitatu katika chuo kama Shanzu kilichoko Mombasa, kisha kujiunga na Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986 na iliyo na makao yake Kasarani, Nairobi, ambayo hutoa stashahada katika fani kama ulemavu wa akili, uziwi, upofu na usonji. KISE pia huwafundisha walimu walio kazini wakati wa likizo za shule, mpango unaomfaa sana mwalimu wa Jilore asiyeweza kuacha mshahara na familia kwa miaka miwili. Njia ya pili ni shahada ya elimu maalum katika vyuo vikuu vyenye idara hiyo, vikiwemo Kenyatta na Maseno. Kwa maoni ya mwongozo huu, njia ya kwanza inamfaa zaidi kijana ambaye familia yake haina uwezo mkubwa, kwa sababu kila hatua humwachia cheti kinachoweza kumpatia kazi, na kwa sababu mtu aliyewahi kufundisha darasa la kawaida la watoto sitini huelewa vizuri zaidi ni nini mtoto mwenye ulemavu anakikosa humo.

Mwalimu wa elimu ya awali asijidharau katika jambo hili. Tangu Katiba ya mwaka 2010, elimu ya awali iko mikononi mwa serikali za kaunti, na mwalimu wa chekechea aliyeajiriwa na Kaunti ya Kilifi ndiye mtumishi wa kwanza wa umma kumwona mtoto kwa saa nyingi kila siku.

Mlango wa afya huelekea katika fiziotherapia, inayoshughulika na misuli na mwendo; tiba ya utendaji, inayomfundisha mtu kula, kuvaa, kuandika na kazi nyingine za kila siku licha ya ulemavu wake; na utengenezaji wa viungo bandia na vifaa vya kushikiza viungo. Fani hizi hufundishwa na chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, kwa ngazi ya stashahada, na sheria za mwaka 2014 zinamtaka mtaalamu wa fiziotherapia na yule wa tiba ya utendaji kusajiliwa kabla ya kumhudumia mgonjwa. Mtaalamu wa usemi na lugha ni adimu mno katika pwani yote, na kijana mwenye alama nzuri za sayansi afikirie kwa dhati pengo hilo.

Ipo pia kazi ya ukalimani wa lugha ya ishara, ambayo huanzia kwa viziwi wenyewe kabla ya kuanzia chuoni. Ipo kazi ya ustawi wa jamii. Na ipo kazi ya msaidizi wa darasa au mlezi wa bwenini, inayotolewa na bodi za shule, yenye malipo madogo lakini yenye kumfundisha mtu mengi.

Kabla ya kulipa karo

Wengi huingia chuoni bila kuwahi kukaa na mtoto mwenye ulemavu kwa siku nzima, wakavunjika moyo katika mazoezi ya kazi. Kwa hiyo mwombaji afanye haya kwanza.

1. Aende kwa mwalimu mkuu wa shule yenye kitengo maalum, yaani darasa la watoto wenye ulemavu ndani ya shule ya kawaida, aombe kujitolea kwa muhula mmoja, na barua ya ombi lake ipitie pia kwa chifu au naibu wake ili ajulikane.

2. Akubali kazi zisizopendeza: kumsafisha mtoto aliyejichafua, kumlisha anayetokwa na udenda, kukimbiza anayetoroka kuelekea barabarani. Anayeona kinyaa baada ya majuma kadhaa amepata jibu lake mapema, na si aibu kuchagua kazi nyingine.

3. Atembelee angalau shule moja kubwa ya fani anayoitamani. Kibarani iliyoko Kilifi ni ya viziwi. Mombasa ina Likoni ya wasioona, Port Reitz ya wenye ulemavu wa viungo na Tom Mboya ya wenye mtindio wa ubongo.

4. Ahakikishe kwamba chuo anachokitaka kimeidhinishwa. Vyuo vya ufundi na mafunzo ya kati huidhinishwa na mamlaka ya elimu ya ufundi, TVETA, na vyuo vikuu na tume ya elimu ya vyuo vikuu. Asilipe shilingi hata moja kabla ya kuliona jina la chuo na la kozi yenyewe katika orodha rasmi, kwa kuwa chuo chaweza kuwa halali na kozi isiwe.

5. Asome masharti ya alama katika tangazo la mwaka huohuo anaoomba, kwa sababu viwango vya kujiunga na ualimu vimebadilishwa zaidi ya mara moja, na ushauri wa kaka aliyesoma zamani waweza kumpoteza. Mwombaji ambaye mwenyewe ana ulemavu ajisajili kwanza na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, maana usajili huo humfungulia nafuu za masharti na misaada ya karo.

KISANDUKU: Hati za kusajiliwa na TSC

Hakuna anayeruhusiwa kufundisha shule nchini Kenya bila kusajiliwa na Tume ya Kuajiri Walimu, TSC. Maombi hufanywa mtandaoni, na mwombaji awe na:
☐ vyeti vya masomo vya sekondari na vya ualimu, pamoja na nakala zilizothibitishwa
☐ kitambulisho cha taifa na nambari ya mlipa kodi ya KRA
☐ cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi, na alama za vidole vya mwombaji zaweza kuchukuliwa katika kituo cha Huduma
☐ fomu ya afya ya GP 69 iliyojazwa na daktari aliyesajiliwa
☐ picha na risiti ya ada

Majina katika hati zote yafanane herufi kwa herufi. Aliyeandikwa Kazungu Charo katika cheti kimoja na Charo Kazungu katika kingine arekebishe jambo hilo mapema, kwa kuwa hitilafu ya namna hiyo hukwamisha maombi.

Kazi yenyewe: kutambua

Mtaalamu wa Jilore huanza kazi yake nyumbani kwa watu, wala si darasani. Afikapo boma asianze na mtoto. Asalimie wakubwa kwa utaratibu wa Kigiriama, akae anapokaribishwa, na maelezo yake ayaelekeze pia kwa hawe, yaani bibi wa mtoto, kwa maana mara nyingi yeye ndiye anayemlea mtoto mama akiwa shambani au kibaruani Malindi, na yeye ndiye anayeamua kama mtoto atapelekwa hospitali au kwa mganga. Kifafa, kinachoitwa vitsala, na degedege, linalohusishwa na nyuni, yaani ndege, vina maelezo ya kienyeji yanayoheshimiwa. Mtaalamu asiyakejeli, bali aombe dawa ya hospitali itumike bila kukatizwa, hata kama familia itaendelea na mambo yake mengine.

Chombo chepesi cha kuanzia ni Maswali Kumi, orodha fupi ya kimataifa kwa watoto wa miaka 2 hadi 9, iliyotumiwa pia na watafiti wa Kilifi. Humuuliza mlezi kama mtoto alichelewa kukaa, kusimama au kutembea; kama haoni au hasikii vizuri; kama anaelewa anapoambiwa jambo; kama viungo vyake ni dhaifu au vimekakamaa; kama hupata degedege au kupoteza fahamu; kama hujifunza mambo kama wenzake; kama husema, na kama watu wasio wa nyumbani humwelewa. Orodha hii huonyesha tu nani apimwe. Haimwambii mtu mtoto ana ugonjwa gani, na kuitumia kumpachika mtoto jina la ulemavu ni kosa kubwa. Kwa vipimo vya ukuaji wa mtoto mchanga ipo Orodha ya Maendeleo ya Kilifi, iliyotungwa na Amina Abubakar na wenzake papa hapa pwani na kutangazwa mwaka 2008, ambayo hutumia vitu vinavyojulikana na mtoto wa kijijini.

Mtoto aliyeshukiwa hupelekwa katika kituo cha tathmini ya elimu, mfumo ulioanzishwa nchini mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, ambako hupimwa na kupendekezewa shule; na hospitalini kwa uchunguzi wa mwili. Masikio yapimwe kabla ya mtu yeyote kusema mtoto hana akili. Familia iambiwe pia kuhusu usajili wa Baraza la Kitaifa na ruzuku ya shilingi 2,000 kwa mwezi inayolengwa kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, bila kuahidiwa kwamba itapatikana, maana nafasi hizo ni chache.

KISANDUKU: Mtoto akianguka kifafa

1. Tazama saa.
2. Ondoa mawe, viti na jiko lililo karibu. Weka kitu laini chini ya kichwa.
3. Mgeuze alale ubavu, ulegeze shingo ya shati.
4. Usimtie kijiko, kidole wala maji kinywani, na usimshike kwa nguvu.
5. Degedege likipita dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, apelekwe hospitali mara moja.
6. Akizinduka, aachwe apumzike, na wenzake waelezwe kwamba ugonjwa huu hauambukizi.

Dawa za kifafa hazikatizwi ghafla. Mto Sabaki ukijaa, njia hukatika, kwa hiyo mlezi ashauriwe kuchukua akiba ya dawa kabla ya mvua za masika.

Kazi yenyewe: kufundisha

Mbinu iliyo msingi wa elimu ya ulemavu wa akili ni kuvunja kazi moja katika vipande vidogo na kufundisha kipande kimoja kwa wakati. Chukuliwe mfano wa kuvaa shati. Mwalimu asiyefunzwa humpa mtoto shati na kumwambia avae, mtoto akishindwa humvalisha, na kesho yake huwa hivyohivyo. Mwalimu aliyefunzwa huanzia mwisho: humvalisha mtoto shati, hufunga vifungo vyote isipokuwa cha chini, nacho hukiingiza nusu katika tundu lake, kisha huushika mkono wa mtoto na kumwachia akivute kitokeze. Mtoto amemaliza kazi, anasifiwa papo hapo, na anajua raha ya kumaliza. Akikiweza kifungo hicho kwa siku kadhaa bila kushikwa mkono, huachiwa viwili, kisha vitatu, mpaka siku anapopewa shati likiwa limening'inia ukutani. Kila siku mwalimu huandika ni hatua ipi mtoto aliifanya peke yake, ipi kwa kuelekezwa kwa mdomo na ipi kwa kushikwa mkono, na daftari hilo ndilo ushahidi wa kazi yake, kwa kuwa maendeleo ya mtoto huyu hayaonekani katika mitihani ya kawaida.

Njia hiyohiyo hufundisha kunawa, kuchota maji kwa kata bila kumwaga, na kwenda dukani kununua chumvi. Mtaala wa umilisi umewawekea wanafunzi wasioweza kufuata masomo ya kawaida njia yao, inayopanda kwa ngazi za stadi badala ya umri na kuishia katika ufundi, na mwalimu aihusishe na maisha ya Jilore: mbuzi, mahindi, ususi wa makuti, kibanda cha biashara kijijini Kakoneni.

Kwa mtoto asiyesema, mawasiliano yanaweza kuanza kwa vitu. Kikombe kile kile huonyeshwa kila mara kabla ya kupewa maji, hadi siku mtoto atakapokishika mwenyewe kuomba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuata nyumbani watoto wa Kilifi wenye shida kubwa ya mawasiliano, ukiwafundisha walezi kutumia vitu, picha na ishara zinazopatikana hapohapo, na walezi wakaeleza kwamba namna walivyomwona mtoto wao ilibadilika. Gharama ya vifaa hivyo ni ndogo. Ghali ni subira na kurudia kila siku.

Makosa ya kuepukwa

Kosa la kwanza ni kuahidi uponyaji. Tiba ya utendaji na elimu humwongezea mtoto uwezo, haziondoi mtindio wa ubongo wala usonji, na familia iliyoahidiwa muujiza huacha kuja muujiza usipotokea.

Kosa la pili ni kumfanyia mtoto kila kitu kwa huruma, jambo linalomzuia kujifunza kuliko ulemavu wenyewe.

La tatu ni kukaa kimya mbele ya dhuluma. Watoto wenye ulemavu, hasa wasichana wasioweza kusema, hulengwa na wabaya kwa sababu hawatashtaki. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inawalinda, na mhudumu anayegundua dalili, awe mwalimu au msaidizi, apige ripoti polisi na kwa ofisi ya watoto, wala asiwaachie wazee wamalize jambo hilo kwa faini ya mbuzi. Kwa usalama wa mtoto na wake mwenyewe, mhudumu asijifungie na mtoto chumbani. Usafi wa mwili ufanywe mtu mwingine mzima akiwa karibu.

La nne ni kudharau maandishi. Ripoti ya tathmini, barua ya rufaa na daftari la maendeleo vikipotea, mtoto huanza upya kila anapobadilisha shule.

Ajira na malipo

Ukweli usemwe wazi. Mwalimu aliyesajiliwa aweza kungoja miaka kabla ya kuajiriwa na TSC kwa masharti ya kudumu, akipitia mkataba wa mafunzo kazini au ajira ya bodi ya shule. Wataalamu wa tiba hutegemea nafasi za kaunti, hospitali binafsi na mashirika, na miradi ya mashirika huwa na mwisho. Katiba, katika ibara ya 54, inaelekeza kwamba angalau asilimia 5 ya nafasi katika vyombo vya umma vya kuchaguliwa na kuteuliwa ziwafikie hatua kwa hatua watu wenye ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu iliyotiwa saini Mei 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2003, imeongeza wajibu wa shule na waajiri. Wajibu huo unahitaji watu wenye ujuzi wa kuutekeleza, na anayesubiri ajira akiwa na cheti cha fani mbili, kwa mfano ulemavu wa akili pamoja na lugha ya ishara, huwa na nafasi bora kuliko mwenye kimoja.

Zaidi ya vyeti, mwenyeji ana faida yake. Mtaalamu kutoka mbali mara nyingi hupangiwa pwani, hukaa miaka michache, kisha huomba uhamisho. Na akiwapo humhitaji mtu wa kumfasiria kwa mama anayejua Kigiriama pekee. Kijana wa Jilore anayeijua lugha ya boma, anayejua njia ya kupita mvua ikinyesha, na aliye tayari kubaki, ana sifa ambayo hakuna chuo kinachoweza kuitoa. Na aanze muhula ujao, kwa kwenda kuomba nafasi ya kujitolea katika kitengo maalum kilicho karibu naye.